Askofu wa vyeusi ukianza na d4: atoke lini, aende wapi, na e3 inaingiaje hapo

Kuna swali moja la chesi halichoki kuulizwa. Mtu anacheza na nyeupe, anaanza na d4, halafu anauliza, jamani huyu askofu wangu wa c1 nimpeleke wapi? Mmoja atamwambia mtoe f4 mapema kabla ya kitu chochote. Mwingine, mpeleke g5 ukambane farasi. Mwingine atasema tulia, toa farasi wote wawili kwanza. Na hakosekani mkongwe mmoja wa kusema cheza e3 ujijenge, askofu atapata njia yake mbele ya safari. Shida ni kwamba wote wanne wana ukweli ndani yake, ndo maana aliyeuliza anaondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Sasa leo nataka tulifungue hili jambo polepole maana nimeona watu wanaacha kabisa kucheza d4 kwa sababu ya huyu askofu mmoja, na hiyo inaniuma, d4 ni ufunguzi mzuri sana.

Tuelewane maneno kwanza. Askari ni wale wadogo 8 wa mstari wa mbele. Ngome ndo wale wa kwenye kona. Ubao una viboksi 64, herufi a mpaka h zinakwenda kwa upande, namba 1 mpaka 8 zinapanda kwenda kwa adui, kwa hiyo d4 maana yake askari aliyekuwa mbele ya malkia kasogea hatua mbili. Askofu anatembea mshazari tu, na hapa ndo kila kitu kinapoanzia, ukitembea mshazari hubadilishi rangi. Askofu wa c1 kazaliwa kwenye kiboksi cheusi na atakufa kwenye cheusi, ndo maana namwita askofu wa vyeusi. Kama umecheza drafti kijiweni hii unaijua tayari, kete za drafti zinaishi kwenye rangi moja mchezo mzima na ile rangi nyingine ni kama haipo. Askofu ni hivyohivyo, nusu ya ubao ni yake na nusu nyingine hataikanyaga milele. Ndo maana tunao wawili, kila mmoja na rangi yake.

Sasa panga ubao uone. Kabla hujacheza chochote askofu wa c1 kafungiwa pande zote mbili, b2 kuna askari na d2 kuna askari. Ukicheza d4 yule wa d2 anaondoka na njia inafunguka, hesabu na kidole: d2, e3, f4, g5, h6. Viboksi vitano. Hapo askofu anapumua. Halafu cheza e3. Hesabu tena. Kimebaki d2 peke yake.

Basi hicho ndo kiini cha ugomvi wote. Na usidhani e3 ni kosa, e3 unaihitaji, kwa sababu askari wa d4 anataka mtu wa kumshikilia, na pia e3 ndo inamfungulia yule askofu mwingine wa f1, yule wa vyeupe, anapata e2, d3, c4, b5 mpaka a6. Kwa hiyo hatua moja inamfungulia ndugu mmoja na kumfungia mwenzake. Ni kama zile nyumba za kupanga zenye uwanja mdogo na geti moja, wewe umepaki ndani kabisa, jirani akirudi usiku anapaki nyuma yako, na wala hajafanya ubaya maana gari lake nalo lazima lilale mahali. Ila asubuhi ukitaka kuwahi kazini unaanza kugonga milango ya watu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla hujagusa e3 ni moja tu: gari langu litalala nje au ndani? Na kama litalala ndani, nani ataniondolea hilo la mbele na saa ngapi?

Ukilishika hilo, zile njia zote ambazo watu wanazitaja kwa majina makubwa zinakuwa majibu tofauti ya swali moja.

Jibu la kwanza, gari nje, f4. Hii ndo inaitwa London. Askofu anatoka f4, ndo unafunga e3, halafu c3, askofu mwingine d3, farasi f3 na d2. Angalia askari wako: c3, d4, e3, wote wamesimama kwenye viboksi vyeusi. Kama askofu wa vyeusi angebaki nyuma yao angekuwa mfungwa, lakini kwa kuwa katoka kabla, wao wamekuwa ukuta nyuma yake na yeye yuko mbele anachungulia kambi ya adui. Jina limetokana na mashindano ya London ya mwaka 1922, yale aliyoshinda Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati ule. Watu wengi siku hizi wanaisema vibaya, eti ufunguzi wa wavivu, wa watu wasiotaka kusoma. Mimi sikubaliani kabisa. Mwaka 2023 kule Astana, Ding Liren na Ian Nepomniachtchi wanagombea ubingwa wa dunia, mchezo wa sita, Ding yuko nyuma kwa pointi moja na anahitaji ushindi, katoa nini? d4, farasi f3, askofu f4 hatua ya tatu, e3 hatua ya nne. Akashinda mchezo ule na mwisho wake akawa bingwa. Mtu aliye kwenye presha ya namna hiyo hachagui kitu cha kivivu.

Ila huyu askofu wa f4 ana mambo yake mawili ya kujua. Kwanza atawindwa. Farasi mweusi wa f6 anaweza kuruka h5 na kusema nakutaka, na ukimpoteza askofu kwa farasi mapema hivyo basi ule usumbufu wote wa kumtoa umeenda bure. Ndo maana utaona wachezaji wa London wanatoa h3 ambayo mgeni haielewi, anadhani hatua imepotezwa, kumbe h3 inafungua shimo la h2, askofu akitishwa anarudi h2 na bado yuko kwenye mshazari wake uleule anaangalia d6 na b8. Pili, nyeusi atakuja na askofu wake d6, anasema tubadilishane. Hapa wengi wanaingiwa na hofu wanakula haraka. Huna haraka, rudi g3, mwache ale yeye. Akila g3 unakula na askari wa h, na hapo ngome yako ya h1 ambayo ilikuwa imelala imefunguliwa njia nzima ya h mpaka kwa mfalme wake akishajificha upande ule. Hiyo sura ya ngome ya h1 kuamka bila kusogea hata kiboksi kimoja mimi naipenda sana, ukiiona mara moja hutaogopa tena kubadilishana pale g3.

Jibu la pili, gari nje lakini g5. Hii ni ya Gambiti ya Malkia, unapocheza c4 kumtoa askari kama chambo na yeye anakataa kwa e6. Askofu anakwenda g5, farasi mweusi wa f6 anabanwa kwa sababu nyuma yake kuna malkia, akiondoka malkia analiwa. Kwa nini tunambana yeye? Kwa sababu yeye ndo mlinzi wa d5, na vita yote ya gambiti hii ni d5. Unampiga mlinzi ili nyumba iyumbe. Mwaka 1927 Capablanca na Alekhine walipigania ubingwa wa dunia Buenos Aires, michezo 34, na 32 kati ya hiyo ilikuwa gambiti hii iliyokataliwa, askofu wa g5 akirudi tena na tena. Dawa ya nyeusi aliyoipenda Capablanca nayo inafundisha kitu, alikuwa anakula c4, halafu farasi d5, maaskofu wa vyeusi wanatazamana na wanabadilishana pale e7. Kwa nini nyeusi afurahie kubadilishana? Kwa sababu yeye ndo yuko kwenye chumba kidogo. Watu wanne kwenye chumba kimoja, wawili wakitoka, waliobaki wananyoosha miguu.

Sasa kuhusu kubana hapa ndo kuna uzushi mkubwa, watu wanaamini farasi aliyebanwa kafa ganzi. Si kweli. Farasi aliyebanwa nyuma yake akiwa mfalme, huyo kweli haruhusiwi kuondoka, sheria inamkataza. Lakini nyuma yake akiwa malkia, sheria haimkatazi kitu, anaweza kuondoka ni vile tu atampoteza malkia, na kuna siku atakuwa tayari kumpoteza. Fuata hii kwenye ubao: d4 d5, c4 e6, farasi c3 farasi f6, askofu g5, nyeusi anatoa farasi wake mwingine d7. Unakula d5, anakula kwa askari wa e. Unaona askari wa d5 kama wa bure maana farasi wa f6 si kabanwa? Unakula kwa farasi. Naye anakula huyo farasi wako kwa farasi wake wa f6, unafurahi unakula malkia d8, na hapo askofu wake wa vyeusi anashuka b4, cheki, yaani mfalme wako anatishwa. Tafuta pa kwenda. Mfalme hana kiboksi, kitu pekee cha kuziba ni malkia d2. Analiwa, unamla askofu wake, naye mfalme wake anamla askofu wako pale d8. Hesabu ikitulia umepoteza farasi mzima kwa askari mmoja. Wazungu wanaiita mtego wa tembo, na kwa bahati jina limeangukia penyewe, kwa sababu kwenye mchezo wa zamani wa Waarabu ambao jina lake ndo limetupa sisi neno sataranji, kipande hiki hakikuwa askofu, kilikuwa tembo, na Kiarabu mpaka leo kinamwita tembo. Alikuwa anaruka viboksi viwili tu vya mshazari, huu mwendo mrefu wa sasa aliupata Ulaya kwenye karne ya 15.

Jibu la tatu, gari linalala ndani, na una mpango. Hili ndo ambalo wanaosema "toa askofu kabla ya e3, basi" hawalijui au wamelisahau. Edgard Colle, Mbelgiji, alikuwa anacheza e3 kabisa na askofu wake yupo c1, c3, askofu mwingine d3, farasi d2, mfalme pembeni, halafu kila kipande kinasukuma kitu kimoja: e4. Siku e4 ikitoka mlango umefunguliwa na yule aliyeonekana mfungwa anatoka moja kwa moja kwenda g5 wakati adui hajajipanga. Wengine wanatumia dirisha la nyuma, b3 halafu askofu b2, hapo anaangalia e5 na kona ya mfalme. Na kwenye ufunguzi wa Katalani, ambao wakubwa wanaupenda mno, askofu wa vyeusi anaweza kukaa c1 muda mrefu tu wakati mwenzake wa vyeupe kule g2 ndo anafanya kazi. Kwa hiyo askofu kubaki nyumbani si kosa. Kosa ni kubaki bila anayejua atatokaje. Kuna dogo mmoja ninacheza naye jumamosi, ana macho makali kwenye kula vitu, lakini siku moja tumefika hatua ya 30 nikamwambia angalia c1. Askofu hajawahi kuguswa, ngome ya a1 imekaa kimya pembeni yake kwa sababu yeye kaziba njia, yaani dogo kacheza mchezo mzima amepungukiwa vipande viwili na wala hakupoteza hata kimoja. Alitoa e3 hatua ya pili, e4 haikuja kamwe, b3 haikuja.

Sasa kuna gharama ambayo hawakwambii wanaposhangilia f4 na g5. Askofu akiwa c1 analinda b2. Akiondoka, b2 inabaki yatima. Nyeusi mzuri anaijua hiyo, anatoa c5, halafu malkia b6, na ghafla unaanza kujibu yeye badala ya yeye kukujibu wewe. Malkia wako aende b3 kumkabili, au c1 kulinda, chagua mapema kichwani, usisubiri malkia wake afike ndo uanze kufikiri. Wengi wanaoniambia London imewashinda, nikiangalia michezo yao, hawakushindwa na London, walishindwa na b2.

Na kuna hatari nyingine, kutoka mapema mno bila mtu wa nyuma. Kuna njia inaitwa Trompowsky, kwa jina la bingwa wa zamani wa Brazili, d4 farasi f6 na papo hapo askofu g5 hatua ya pili. Ni njia nzuri na ina heshima yake. Lakini Bela Crkva, Yugoslavia ya wakati ule, mwaka 1984, nyeusi alijibu c6, kihatua kidogo kinaonekana hakina maana, nyeupe akacheza e3 kama kawaida, na malkia mweusi akaenda a5. Cheki kwa mfalme na wakati huohuo anamtazama askofu wa g5 kwa mstari. Nyeupe akasalimu amri palepale, hatua ya tatu. Angalia kwa makini kilichomuua. Kama asingecheza e3, malkia wake angeziba d2 na kutoka d2 angekuwa anamlinda askofu wa g5 kwa mshazari uleule tuliouhesabu na kidole. e3 ilikata huo mshazari katikati. Kwa hiyo hata askofu akiwa nje, e3 bado inaweza kumdhuru, inamtenga na wa nyumbani.

Hiyo kauli ya "farasi kwanza askofu baadaye" nayo niiguse haraka. Ni ushauri mzuri kwa anayeanza, kwa sababu farasi karibu kila mara anakwenda f3 na c3 na askofu ana uchaguzi mwingi, ukichelewa kumtoa unapata kuona adui kajipangaje kabla hujachagua. Ila ukianza na d4 una saa ya geti, ukisubiri sana unajikuta unahitaji e3 na uchaguzi umeisha. London inavunja hiyo kauli kila siku na haipati adhabu.

Upande wa nyeusi kwa kifupi, maana wao askofu wao wa vyeusi, wa f8, ana maisha mazuri zaidi, anayewasumbua ni yule wa c8. Wa f8 anaweza kwenda e7 kwa utulivu, anaweza kwenda b4 kumbana farasi wa c3 kama kwenye ufunguzi wa Nimzo, na hapo anabana kwa mfalme kwa hiyo ni kubana kwa kweli, au akatoa g6 na kukaa g7 kama kwenye ufunguzi wa Mfalme wa Kihindi, ambako anakuwa mlinzi wa mfalme na mshambuliaji kwa pamoja. Ukikutana na huyu wa g7, askofu wako wa vyeusi anapata kazi mpya kabisa: malkia d2, askofu h6, mbadilishane. Viboksi vyeusi vya f6 na h6 pembeni ya mfalme wake vinabaki bila mwenyewe.

Nimalizie na mchezo mmoja ambao nikiucheza peke yangu ubaoni huwa narudia mara mbili. Moscow, 1925. Nyeupe ni Carlos Torre, kijana kutoka Meksiko, nyeusi ni Emanuel Lasker, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1894 mpaka 1921. Torre kaanza d4, farasi f3, askofu g5 hatua ya tatu, mpaka leo njia hiyo inaitwa kwa jina lake. Hatua ya nne e3, gari liko nje. Hatua ya tano askari huyo wa e3 akala d4, na mtu anaweza kupita hapo bila kuona kitu, lakini angalia, geti limefunguka. Hatua ya 14 Torre akamrudisha askofu c1, nyumbani kabisa, na hakuna aliyemlazimisha. Kwa kuwa njia ilikuwa wazi, c1 ilikuwa sehemu salama tu ya kumsubirishia. Hatua ya 19 karudi g5 kwa kula askofu mwenzake. Hatua ya 25 akaingia f6, katikati ya nyumba ya Lasker, akiwa anamwachia malkia wake mwenyewe pale h5 aliwe bure. Lasker akala, hakuwa na namna. Ndo ngome ikaingia g7, cheki, mfalme kona h8, ngome ikasogea ikala f7 na askofu nyuma yake akapiga cheki, mfalme g8, ngome g7, mfalme h8, ngome ikaenda kula askofu wa b7, cheki ya askofu tena, mfalme g8, ngome g7, mfalme h8, kama jiwe la kinu linavyozunguka, kila mzunguko linasaga kitu. Mzunguko wa mwisho ngome ikatua g5, mfalme akasogea h7, na malkia wa Lasker akaliwa h5. Hatua ya 33 mfalme akamla askofu pale f6, Torre akiwa tayari na askari wa ziada, na mchezo ukaisha hatua ya 43 kwa Lasker kusalimu amri.